Viti Kumi vya Bu Palupi

Asubuhi ile Bu Palupi aliunguza tempe, soya yake ya kukaanga, mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu simu ilitoa mlio akiwa na mwiko mkononi, akasoma barua pepe iliyoingia, akasahau kabisa kwamba kuna jiko mbele yake. Mara ya pili ni kwa sababu alikuwa akiisoma tena. Jarida lililokuwa limemrudishia kazi yake mara tatu, kila mara likimwonyesha pengo hapa na pengo pale, safari hii lilisema halikuona pengo lolote. Uthibitisho wake wa kihisabati umekubaliwa. Kurasa kumi na tisa alizosuguana nazo kwa miaka mitatu na nusu, akizikumbatia na kuzichana na kuzianza upya, hatimaye zilikuwa zimemwachia.

Akampigia mama yake kule Blitar. Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamshukuru Mungu, halafu akamuuliza kama amekula. Bu Palupi akajibu kwamba amekula, huku akitazama tempe nyeusi kama makaa. Baada ya hapo hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Akavaa batiki yake ya Ijumaa, akapanda pikipiki, akaelekea chuoni akicheka peke yake ndani ya helmeti.

Kwa kawaida hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Alikuwa na miaka thelathini na nne, mwembamba, mwenye sauti ya chini, mtu wa kuingia kwenye kikao na kutoka bila yeyote kukumbuka kuwa alikuwepo. Katika idara ya sayansi ya kompyuta, ambako walimu wa kike huitwa Bu na wa kiume Pak, yeye peke yake ndiye aliyekuwa kundi zima la nadharia. Profesa aliyemlea alistaafu akaenda kufuga sungura milimani Batu, akamwachia ubao wa chaki, makabati mawili na kazi ya kuwaeleza watu kwamba nadharia ya ukokotoaji haihitaji hata kompyuta. Watu hawakumwelewa. Mwaka uliopita alipata mwanafunzi mmoja. Mwaka juzi hakupata hata huyo.

Sasa mkuu wa idara, Pak Hardjito, mzee muungwana asiyependa ugomvi, alikuwa amemwita wiki mbili kabla na kumweleza kwa upole mwingi kwamba fakulteti imechoka. Kundi lolote la utafiti litakalokosa wanafunzi watano mwaka huu litaunganishwa na lingine. Nadharia ingeingizwa chini ya uhandisi wa programu, naye Bu Palupi angefundisha jinsi ya kuandika mahitaji ya mteja. Pak Hardjito alilisema hilo akitazama dirishani, kama daktari mwenye majibu mabaya.

Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya wanafunzi wa mwaka wa tatu kuchagua makundi. Ukumbi wa ghorofa ya chini ulikuwa umepangwa meza tano. Meza ya roboti ilikuwa katikati, na mbele yake alisimama Pak Bramantyo, mtu wa kifua na kicheko, ambaye kila mtu alimwita Pak Bram. Roboti lake, lililopewa jina la Jago, lilikuwa likizunguka ukumbini na sinia la chai na vitafunio vya wali vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba. Karibu naye walikaa watu wa mashine zinazojifunza. Hao walileta kamera inayotambua vitu na kuviandika majina kwenye skrini kubwa. Kamera ilikuwa inafanya kazi vizuri isipokuwa kwamba ilimtambua Pak Hardjito kuwa ni jokofu, na kila alipopita, neno hilo lilitokea juu ya kichwa chake. Mzee alikuwa amejitahidi kutopita, lakini Jago lilikuwa likipeleka chai upande huo huo. Watu wa mitandao na usalama walikuwa na mashindano ya kuvunja nenosiri. Wahandisi wa programu walikuwa na fulana za bure.

Bu Palupi alikuwa na viti kumi vitupu na chaki.

Siku nyingine angejikunyata nyuma ya viti hivyo. Leo hakuweza. Kila alipokumbuka lile neno, umekubaliwa, miguu yake ilitaka kurukaruka, ikabidi ajishike mezani.

Saa tatu kamili mfumo wa kuchagua ulifunguliwa. Wahandisi wa programu ndio walioutengeneza, na utaratibu wake ulikuwa rahisi: anayewahi ndiye anayepata. Wanafunzi tisini na sita wakabofya kwa wakati mmoja kwenye simu zao. Kwa dakika moja hakuna kilichotokea. Kisha orodha ikajitokeza kwenye skrini, nayo ilisema kwamba wanafunzi wote tisini na sita wamepangiwa roboti, pamoja na Pak Hardjito mwenyewe, aliyekuwa ameingia kujaribu tu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Pak Bram akafungua mikono yake na kusema kwamba anawapokea wote, hata mkuu. Lakini meza yake ilikuwa na nafasi ishirini na tano, na orodha kamili ilitakiwa kufika fakulteti kabla ya saa tano na robo, kwa sababu baada ya hapo ofisi inafungwa kwa sala ya Ijumaa na mlango wa mwaka huu unafungwa nayo. Wahandisi wakaanza kuinamiana juu ya kompyuta zao. Mmoja akasema seva imekufa. Mwingine akasema haijakufa, imezimia. Pak Hardjito akapanguza uso kwa leso na kusema labda ipigwe kura ya bahati nasibu, au kila mtu apangwe kwa alama tu, kuanzia juu kwenda chini.

Manung'uniko yakapanda. Na hapo, kabla hajajua anafanya nini, Bu Palupi akajikuta amesimama juu ya kiti.

"Mimi naweza kuwapanga," alisema. "Hapa hapa, bila kompyuta. Nipeni saa moja na nusu."

Watu waligeuka. Wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake ikifika mbali hivyo. Hata yeye alishangaa.

"Bu Palupi," Pak Bram akamwambia kwa utani, "ukitaka kuwachezesha kombolela, subiri kwanza tumalize kazi."

"Ni karibu na kombolela, Pak Bram. Ila hii ina uthibitisho."

Akashuka kitini akaenda ubaoni. Akawaambia wafikirie mambo ya posa. Kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi makundi yote matano, kuanzia analolipenda zaidi hadi analolipenda kidogo. Kila mkuu wa kundi naye apange wanafunzi kwa vigezo vyake mwenyewe. Kisha kila mwanafunzi aende kuposa kwenye meza iliyo juu ya karatasi yake. Meza ikijaa, mkuu abaki na wale anaowataka zaidi na kuwakataa wengine. Aliyekataliwa aende kuposa meza inayofuata kwenye karatasi yake. Akifika huko, hata kama viti vimejaa, mkuu amlinganishe na waliokaa, na akimpenda zaidi amwinue mmoja na kumpa yeye.

"Kwa hiyo kukaa kwenye kiti si ndoa," alisema. "Ni uchumba tu. Unaweza kuvunjika wakati wowote, mpaka pasiwepo mtu hata mmoja anayetembea ukumbini. Hapo ndipo tunaandika vyeti."

Wanafunzi walianza kuchangamka. Kijana mmoja wa Medan aliyeitwa Bonar, mwenye sauti ya kuitia feri, akanyoosha mkono na kuuliza Bu anajuaje kwamba mchezo huo utaisha. Huenda watazunguka mpaka kesho, huyu akimwinua yule na yule akimwinua huyu.

Hilo ndilo swali ambalo Bu Palupi alikuwa amelisubiri maisha yake yote bila kujua. Akaandika ubaoni: tisini na sita mara tano. Kila mmoja ana meza tano tu, alieleza, na hakuna anayeruhusiwa kubisha hodi mara mbili kwenye mlango uliomkataa. Kwa hiyo ukumbi mzima una mabisho mia nne na themanini, hata moja zaidi halipo. Kila hatua inakula bisho moja. Kitu kinachopungua kila wakati na ambacho hakiwezi kushuka chini ya sifuri, lazima kisimame. Hapo akaanza kucheka, kwa sababu miaka yote hii bado aliona kwamba jambo hilo ni zuri mno, kwamba unaweza kujua mwisho wa vurugu kabla vurugu hazijaanza, kwa kuhesabu tu.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Eh, kweli," na cheko la Bu Palupi likawaambukiza.

Msichana aliyekaa safu ya mbele, Kinasih, mwenye hijabu ya kijani na alama za juu kuliko wote darasani, akauliza jambo la pili. Alisema wazi kwamba asubuhi alibofya roboti kwa sababu wenzake wote walibofya roboti, na kwa sababu aliogopa kwamba akijaribu anachokitaka kweli kisha akakikosa, atakuta kila mahali pameshajaa. Je, kwa utaratibu huu ni busara kuandika uongo kidogo?

"Hapana," Bu Palupi alimjibu. "Na hilo pia lina uthibitisho, nitakuonyesha ukitaka. Anayeposa hawezi kufaidika kwa kudanganya. Ukianza na unachokitaka ukakataliwa, hujapoteza chochote, kwa sababu unakokwenda baadaye bado watakulinganisha na waliokaa kana kwamba ulifika wa kwanza. Andika ya moyoni."

Kinasih alimtazama kidogo, akafuta alichokuwa ameandika, akaandika upya. Sehemu kubwa ya ukumbi ikafanya vivyo hivyo, na kwa dakika kadhaa ilisikika milio ya vifutio tu.

Saa nne kasoro kumi Pak Hardjito akapiga makofi, na zile karatasi zikaanza kutembea.

Waliokuwepo bado wanaisimulia. Wanafunzi arobaini na saba walikwenda kwa Pak Bram kwa mkupuo mmoja, wakaikaba meza yake mpaka Jago likazingirwa, likawa linazunguka pale pale na sinia lake likiomba njia kwa sauti ya kike. Pak Bram alichukua orodha yake akaanza kuchagua, na kazi ya kukataa watu usoni, ambayo alidhani ataifurahia, ilimtoa jasho. Kila alipomkataa mmoja alimpa kitafunio kimoja cha kumfariji. Ishirini na wawili waliondoka mezani kwake wakitafuna.

Hao wakatawanyika. Wengi walivamia mashine zinazojifunza, wakawainua waliokuwa wamekaa, na walioinuliwa wakakimbilia mitandao, na huko wakainua wengine. Watu walipishana wakigongana mabega, wakiulizana karatasi zinasema nini. Wachumba walivunja uchumba mara mbili kwa dakika moja. Binti mmoja alikaa kitini kwa mitandao, akaondolewa kabla hajakiweka kibegi chake chini, akainuka akicheka hadi machozi. Kamera ya skrini kubwa ilijaribu kuwafuata wote ikashindwa, ikaamua kwamba ukumbi mzima ni soko la samaki. Pak Hardjito alipita mbele yake mara nne bila kujali, akiwaelekeza watu njia kwa mikono miwili kama askari wa barabarani.

Katika vurugu hizo zote, Kinasih alitembea moja kwa moja kutoka safu ya mbele hadi kwenye viti kumi vitupu. Hakuwa amekataliwa popote. Alikaa, akaweka karatasi yake mezani. Neno la kwanza lilikuwa nadharia.

Bu Palupi alitaka kusema jambo la heshima linalomfaa mwalimu. Kilichomtoka ni kwamba asubuhi hiyo ameunguza tempe mara mbili kwa sababu ya uthibitisho wa kurasa kumi na tisa, na kwamba umekubaliwa. Kinasih aliuliza unahusu nini. Ndiye mtu wa kwanza aliyeuliza. Bu Palupi akaanza kumchorea nukta na mistari kwenye mgongo wa karatasi, na hata hakuona kwamba Bonar naye ameshakaa upande wa pili, akiinamisha kichwa kutazama.

"Wewe umetokea wapi?" Kinasih alimuuliza.

"Kwa Pak Bram. Amenipa kitafunio akaniambia pole. Hapa ndipo pa pili kwangu."

"Mbona una vitafunio viwili?"

"Nilirudi kuomba pole nyingine."

Walifuatia marafiki wawili wasioachana, waliokuwa wameandika karatasi zinazofanana neno kwa neno. Wote wawili walikataliwa na mashine zinazojifunza wakaja wameshikana mikono. Wanne. Bu Palupi alihesabu, akahesabu tena. Saa ilisema tano kasoro dakika tano, na ukumbi ulikuwa unapoa. Wengi walikuwa wamekaa. Wanaume walianza kuangalia saa zao kwa ajili ya msikiti. Mwendo ulibaki huku na kule, mmoja, wawili, kisha hakuna.

Pak Hardjito alimtazama kwa huzuni kutoka ng'ambo ya ukumbi. Alichukua kalamu ili aanze kuandika orodha.

"Samahani," alisema msichana mmoja mlangoni. Alikuwa ametoka chooni. Alikuwa ameshika karatasi yake na hakuwa amebisha hodi kwenye meza yoyote. Akaulizwa meza yake ya kwanza ni ipi, akasema roboti.

Pak Bram aliitazama orodha yake, akakuna kichwa. Msichana huyo alikuwa wa tatu kwa alama. Ikabidi amwinue kijana aliyekuwa wa mwisho mezani kwake, akampa kitafunio cha mwisho. Kijana huyo akaenda kwa mitandao. Mitandao walimpenda kuliko mmoja wao, wakamwinua huyo mmoja. Aliyeinuliwa akavuka ukumbi kwenda mashine zinazojifunza, na kwa wakati huo watu wote walikuwa wamesimama kutazama, kama watu wanaotazama mpira unaoviringika kuelekea golini. Mashine zinazojifunza wakashauriana kwa kunong'ona. Wakampokea. Wakamwinua kijana mrefu mwenye miwani, aliyekuwa amekaa pembeni tangu mwanzo bila kusema na mtu.

Huyo aliitwa Pandu. Aliikunjua karatasi yake polepole, akaisoma, akaikunja tena. Wahandisi wa programu, ambao bado walikuwa na nafasi tele, walimwonyesha fulana. Akatikisa kichwa kwa adabu, akawapita.

Alipofika mbele ya Bu Palupi alisimama wima kama anayesubiri kuadhibiwa.

"Bu, hesabu zangu si nzuri sana," alisema. "Nilitaka kuweka nadharia mwisho. Ila ulipotuambia kwa nini mchezo utaisha, ulicheka, na mimi nikacheka, na sijawahi kucheka kwa sababu ya hesabu. Nikaipandisha juu."

"Kaa, Mas Pandu," alisema Bu Palupi, akimwita kaka kwa heshima. Pandu akakaa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anatembea.

Ukumbi mzima ukapiga makofi, na waliopiga kwa nguvu kuliko wote walikuwa watu wa roboti. Pak Hardjito aliandika majina mbio mbio, akatia sahihi, akampa katibu wake akimwomba akimbie. Katibu alikuwa mama wa makamo aliyevaa viatu vya visigino, akavivua na kukimbia kweli. Alifika fakulteti dakika nne kabla ofisi haijafungwa.

Kabla ya kwenda msikitini, Pak Bram alikuja meza ya nadharia akiwa amebeba sinia tupu la Jago. Aliuliza kama inawezekana kuupinga mpango huu, maana amempoteza kijana mmoja aliyempenda. Bu Palupi akamwambia amtafute mwanafunzi yeyote ukumbini ambaye angependa kuhamia kwake, na ambaye yeye Pak Bram angempenda kuliko mmoja wa aliobaki nao. Pak Bram alizunguka nusu ya ukumbi akiuliza. Waliomtaka yeye, yeye hakuwataka kuliko wake. Aliowataka, walikuwa wanapendelea walipo. Alirudi akikuna kidevu.

"Hakuna," alisema.

"Na hawezi kuwepo."

"Nina roboti thelathini za kugawiwa kazi kwenye ghala mwezi ujao," alisema baada ya kufikiri. "Zinagombania kona kama wapangaji. Jumatatu una nafasi?"

Bu Palupi alisema atawauliza watu wake. Aliyapenda sana maneno hayo, watu wake, hivi kwamba aliyasema mara mbili.

Baada ya sala mvua ilinyesha kama kawaida, nao sita walijibanza chini ya turubai la Cak Giman, aliyeuza nyuma ya maktaba bakso, supu ya madonge ya nyama, tambi na tofu. Kinasih alikuwa anadai uthibitisho alioahidiwa, ule wa kwa nini kudanganya hakusaidii. Bonar alikuwa na hakika kwamba angeweza kudanganya, na alikuwa na mpango. Bu Palupi akamwambia auonyeshe. Mabakuli yalipofika, Bonar aliivuta meza katikati, akapanga madonge ya nyama kuwa wanafunzi na vipande vya tofu kuwa makundi, akatumia tambi kuonyesha nani anamposa nani. Pandu, aliyesema hesabu zake si nzuri, alitazama kwa muda, akanyoosha uma, akahamisha donge moja, na mpango wote wa Bonar ukaanguka.

Wale marafiki wawili wakapiga meza. Bonar akaomba aanze upya. Cak Giman, aliyekuwa amesimama na mwiko wa mchuzi akisubiri kuongeza, aliuliza kwa heshima kama chakula chake kinaliwa au kinasomeshwa.

"Vyote, Cak," alijibu Bu Palupi, akimsogezea Bonar bakuli lake ili apate madonge mengine matatu.